Ulitua na Nani? Somo la Kuinua Ngoma ya Kikundi



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mbuzi, maji, nyuki na kitabu cha mweka hazina. Mara hii tunazungumza juu ya ngoma. Pengine mtu atauliza, "Kwani ngoma nayo ni maendeleo?" Tunajibu, ndiyo. Darasa likifunguliwa, ngoma huitwa. Mgeni akija kuona kisima, ngoma huitwa. Harusi, sikukuu, mkutano wa amani, ngoma huitwa. Kikundi kinachocheza vizuri huitwa tena, na kinachocheza ovyo hupewa soda na kuambiwa asante.

Lakini pesa si sababu ya kwanza. Sababu ya kwanza ni kwamba ngoma ni shule. Ndani yake kuna historia, adabu, mzaha, sala na maonyo ya wazee. Ngoma ikipungua, hayo yote yanapungua pamoja nayo.

SHABAHA YA SOMO

Mkimaliza somo hili, kikundi kiweze:
1. Kueleza ni kitu gani hufanya ngoma iwe nzuri.
2. Kupanga mazoezi ya wiki sita bila kuharibu kazi za nyumbani.
3. Kulinda wachezaji, nyimbo na mapato ya kikundi.

Tunashauri msisome somo lote siku moja. Someni sehemu moja, simameni mfanye zoezi lake, kisha mzungumze. Ngoma haifundishwi kwa kukaa chini.

1. KWA NINI TUJIFUNZE KITU TULICHOZALIWA NACHO?

Wengi husema, "Sisi Wasamburu hatufundishwi kuruka," au "Mturkana huzaliwa na ngoma." Hebu tuangalie vizuri. Hakuna aliyezaliwa akijua. Zamani mtoto alijifunza bila kuona kwamba anajifunza. Alikaa kando ya ngoma za usiku, aliiga wakubwa huko malishoni, alichekwa, alijaribu tena. Mwalimu wake alikuwa wingi wa ngoma zenyewe.

Siku hizi wingi huo umepungua. Watoto wako shuleni, wengine katika bweni mbali na nyumbani. Vijana wengine wanatafuta kazi Isiolo, Nanyuki na Nairobi. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, uliua mifugo mingi sana kaskazini mwa Kenya, na ng'ombe wakifa hata sherehe hupungua, maana sherehe bila maziwa na nyama ni ngumu. Ongeza usiku wa hofu ya wizi wa mifugo, wakati watu hawataki kuimba kwa sauti mbali na boma.

Basi kijana hujifunza kwa vipande: kidogo shuleni, kidogo harusini, kidogo kwa kutazama video kwenye simu ya mwenzake. Anapata mruko, hapati wimbo. Anapata wimbo, hapati maana.

Jambo hili si la Oldonyiro peke yake. Mwaka 2014 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, liliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya katika orodha ya mila zinazohitaji kulindwa haraka. Hiyo ni ngoma inayojulikana nchi nzima, na bado ilionekana iko hatarini. Mwaka 2018 sherehe za rika za Wamaasai, yaani enkipaata, eunoto na olng'esherr, ziliwekwa katika orodha hiyo hiyo. Wamaasai ni ndugu wa Wasamburu kwa lugha na kwa desturi nyingi. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba kwetu ngoma haiwezi kupotea.

Upande wa pili kuna habari ya kutia moyo. Bomas of Kenya ilipoanzishwa mwaka 1971 huko Lang'ata, Nairobi, ilikusanya wachezaji wa kucheza ngoma za makabila mbalimbali. Mtu aliweza kujifunza ngoma ya kabila ambalo si lake, mpaka watazamaji wakafurahi. Kama mgeni anaweza kujifunza ngoma yako kwa mazoezi, wewe mwenyewe utashindwa na nini?

2. MCHEZO MFUPI WA KUIGIZA

Chagueni watu watatu waigize mbele ya kikundi. Wengine wasikilize.

(Kikundi kimemaliza kucheza. Kijana anapangusa jasho. Nyanya mmoja ameketi chini ya mti.)

KIJANA: Koko, umeona vile nimeruka? Leo nimewashinda wote.

KOKO: Nimeona, kijana wangu. Umeruka sana. Lakini ulitua na nani?

KIJANA: Nilitua na nani? Si nilitua peke yangu!

KOKO: Ndio nakuuliza. Wenzako walitua, wimbo ukatua, wewe ulikuwa bado huko juu. Uliporudi chini ulikuta hakuna mtu.

MAMA MWENYEKITI: Lakini Koko, wageni walimpigia makofi.

KOKO: Walimpigia yeye, binti yangu. Sisi wengine tulikuwa tumekuja kufanya nini?

(Mwisho wa mchezo.)

Maswali: Koko alikuwa akisema nini? Je, katika kikundi chetu kuna mtu anayeruka peke yake, katika ngoma au katika kazi nyingine? Kila mtu ajibu kwanza kuhusu ngoma.

Swali la Koko ndilo moyo wa somo hili. Kuruka juu ni nguvu, na nguvu ni kitu kizuri. Lakini ngoma ya kikundi hupimwa pale miguu inapogusa ardhi. Mkitua pamoja, mtazamaji husikia kishindo kimoja, na mwili wake unatikisika hata kama yeye ni mgeni asiyejua lugha. Mkitua ovyo, husikia kama mbuzi wanaoteremka mawe.

3. SIKIO KWANZA, MGUU BAADAYE

Ngoma za kwetu nyingi hazina ngoma ya kupigwa. Waisukha wana madumu yao matatu, la baba, la mama na la mtoto, na hayo ndiyo yanayomwongoza mchezaji. Wachuka wana ngoma ndefu zinazoshikwa katikati ya miguu. Sisi je? Kwa Msamburu, dumu ni koo. Ni ule mngurumo mzito wa wamorani unaotoka kifuani, pamoja na sauti ya mwimbishaji inayopita juu yake. Kwa Mturkana, katika edonga, ni wimbo, makofi na miguu yenyewe inayokanyaga ardhi.

Maana yake ni hii: anayeacha kusikiliza amepoteza dumu lake. Kwa hiyo mazoezi yaanze na sikio.

Zoezi la kwanza: macho yaliyofungwa. Simameni duara, karibu karibu, mfumbe macho. Wanaume wapige mngurumo wa chini peke yake, bila wimbo, kwa muda wa dakika moja. Kila mtu ajaribu kusikia jirani wa kulia na wa kushoto. Ukijisikia mwenyewe kuliko wao, punguza sauti.

Zoezi la pili: kutembea. Imbeni wimbo mnaoujua, mkitembea tu, mguu mmoja kwa kila pigo. Msiruke bado. Kiongozi asimamishe wimbo ghafla, kila mtu aendelee kutembea kimya akiuhesabu wimbo moyoni, kisha kiongozi ainue mkono mrudi kuimba. Je, mmerudi mahali pamoja? Mara ya kwanza mtacheka. Mara ya tano mtashangaa.

Zoezi la tatu: kishindo. Nusu ya kikundi waruke, nusu wageuke wawape mgongo na kusikiliza. Wasikilizaji waseme wamesikia vishindo vingapi kwa kila mruko. Wakisema kimoja, badilishaneni. Wakisema vinne, rudieni. Ni vizuri wasikilizaji wasione, kwa sababu jicho humsifu rafiki, lakini sikio halina upendeleo.

4. MGUU: KURUKA NA KUTUA

Tazameni mrukaji mzuri wa kimorani. Mwili umenyooka kama mkuki, mabega yameshuka, kidevu kimeinuka kidogo, mikono iko kando. Kati ya mruko na mruko kisigino hakigusi chini. Nyuma ya kifundo cha mguu kuna ule mshipa mnene, tunauita kano. Kano ile hufanya kazi kama springi ya gari: ukitua kwa sehemu ya mbele ya mguu, inavutika, kisha inakurudisha juu. Ukitua kwa kisigino, springi haifanyi kazi, na kishindo chote kinapanda mpaka goti na mgongo.

Fuateni hatua hizi:

(a) Pasheni mwili moto. Tembeeni haraka kwa dakika tano. Zungusheni vifundo vya miguu, kisha magoti na mabega. Mtu aliyekaa tangu asubuhi asiruke mara moja.

(b) Chagueni mahali. Ondoeni mawe na miiba. Msiruke juu ya mwamba, wala katika mchanga mzito wa laga unaomeza mguu. Udongo ulio mgumu kiasi ndio mzuri. Viatu vya akala vyenye kamba iliyolegea husokota mguu, kazeni au mvivue.

(c) Anzeni chini. Mirukeo kumi midogo, ya kiganja kimoja tu kutoka ardhini. Pumzikeni. Rudieni mara tatu. Kila wiki ongezeni kidogo. Urefu utakuja wenyewe miguu ikipata nguvu.

(d) Goti lisikazwe kama mti. Linakunjika kidogo tu wakati wa kutua, mtazamaji asilione, lakini wewe ulisikie.

(e) Tazama mbele, usitazame miguu. Anayetazama miguu huinama, na anayeinama hupoteza mruko na sauti.

Mtu akiumia, asimame mara moja. Mguu uinuliwe, uwekwe kitambaa chenye maji baridi, apumzike siku chache. Akishindwa kabisa kuukanyagia, apelekwe zahanati, asikandwe kwa nguvu nyumbani.

Katika edonga kanuni ni ile ile, lakini umbo ni tofauti. Watu wako duara, wanaruka na kukanyaga pamoja. Mwanaume anapomwimbia dume wake na kuinua mikono kama pembe, mikono ile inasema habari za ng'ombe fulani, mwenye pembe za namna fulani. Vijana, mwulizeni mzee pembe hizo ni za namna gani kabla ya kuinua mikono. Mkono usio na habari ni mkono tu.

5. PUMZI, SAUTI NA USHANGA

Vikundi vingi huanza kwa nguvu na kumaliza kwa kukohoa. Sababu ni mbili. Ya kwanza, mwimbishaji ameanza juu mno. Wimbo ukianza juu, kufikia katikati sauti zinapasuka. Afadhali aanze mahali ambapo mama mzee na kijana wote wanafika. Ya pili, watu wanapumua kwa kifua peke yake. Weka mkono tumboni. Ukivuta pumzi, mkono usogee mbele. Hiyo ndiyo pumzi ya kuimbia. Kisha mpangane: majirani wawili wasivute pumzi mahali pamoja. Mkifanya hivyo, wimbo hauna shimo.

Muwe na waimbishaji wawili, au watatu. Kikundi chenye mwimbishaji mmoja kikifiwa au akiumwa, ngoma imekufa siku hiyo.

Sasa akina mama. Ngoma yenu iko mabegani na shingoni. Ushanga mpana unapopanda na kushuka kwa wote wakati mmoja, huo ndio mruko wenu, na si mdogo kuliko wa wamorani. Mwendo huo unaanzia gotini kwa mkunjo mdogo, unapanda mgongoni, unamalizikia kwenye bega. Ukiusukuma kwa shingo peke yake, jioni utalala na maumivu. Fanyeni mazoezi kwanza bila ushanga mzito, halafu mvae, kwa kuwa ushanga una uzito wake na huchelewa kidogo kushuka. Mzoee kuungoja.

6. MPANGO WA WIKI SITA

Hatuwezi kuwaambia mfanye mazoezi kila siku. Kuna maji ya kuchota, mbuzi wa kurudisha, watoto wa kulisha. Tunapendekeza siku mbili kwa wiki, saa kumi jioni, kwa saa moja na nusu. Siku ya soko la mifugo iachwe.

Wiki ya kwanza: sikio peke yake. Mngurumo, kutembea, kusimama kimya.
Wiki ya pili: mirukeo midogo na kutua. Mabega kwa akina mama.
Wiki ya tatu: wimbo mmoja mzima, maneno yote, pamoja na maana yake kutoka kwa mzee.
Wiki ya nne: kuingia na kutoka uwanjani. Ngoma nyingi huharibika hapa, watu wanaingia kama wanaokimbia mvua.
Wiki ya tano: wimbo wa pili, na kuunganisha nyimbo mbili bila kusimama kuulizana.
Wiki ya sita: kucheza mbele ya majirani. Waombeni waseme kitu kimoja kizuri na kimoja cha kurekebisha.

Baada ya kila zoezi kaeni dakika kumi. Kila mtu aseme kosa lake mwenyewe, si la mwenzake. Mwenye kuruka vizuri apewe kazi ya kumfundisha asiyeweza. Hivyo fahari yake inakuwa mali ya kikundi.

7. WANAOJUA NI WACHACHE

Katika kila kijiji kuna koko mmoja au wawili wanaojua wimbo tangu mwanzo mpaka mwisho. Wengine tunajua kiitikio. Koko huyo akiondoka, hatazikwa peke yake.

Basi chagueni vijana wawili wanaojua kuandika. Waende kwake kwa heshima, wakiwa na sukari na majani ya chai, na kwanza waombe ruhusa. Akikubali, waimbe naye, warekodi kwa simu, halafu waandike mambo haya katika daftari: jina la wimbo, unaimbwa wakati gani, nani anaruhusiwa kuuimba, nani haruhusiwi, maneno magumu na maana yake.

Sehemu ya nani anaruhusiwa ni muhimu. Nyimbo nyingine zina wakati wake. Lebarta, wimbo wa vijana wanaongojea tohara, si wimbo wa kupokea wageni uwanjani. Kama hamna hakika na wimbo fulani, waulizeni wazee kabla ya mazoezi. Wakisema usitoke nje, usitoke. Kujua kipi hakichezwi ni sehemu ya ujuzi wa mchezaji.

Tena angalieni maneno. Oldonyiro tunaishi Wasamburu na Waturkana, pamoja na majirani wengine wanaokuja sokoni. Zipo nyimbo za zamani zinazosifu uvamizi au kumdharau jirani. Wazee wanazijua, na wanajua zilitoka katika maumivu gani. Lakini kikundi chenye watu wa kabila mbili kikiimba wimbo wa namna hiyo, nusu ya wachezaji wanatukanwa na midomo yao wenyewe. Hao hawawezi kutua pamoja. Afadhali Msamburu ajifunze edonga kwa Mturkana, na Mturkana ajifunze mngurumo wa kimorani, kila mmoja akisahihishwa na mwenye ngoma. Amani ya namna hii haina posho wala hotuba, lakini hudumu.

8. WA KULINDWA

Wasichana. Mazoezi yafanyike mchana, yaishe kabla jua halijazama, na wawepo akina mama watu wazima. Mnajua kuna desturi ya morani kumvalisha msichana mdogo ushanga na kumfanya wake. Desturi hiyo imewaumiza watoto wengi kwa mimba za mapema na kuacha shule. Mazoezi ya kikundi yasiwe mlango wa jambo hilo. Msichana wa shule akicheza nasi, arudi nyumbani na mama, na kesho yuko darasani.

Mama wajawazito na wazee. Waimbe, waongoze, wasahihishe. Wasilazimishwe kuruka ili idadi itimie.

Wanaoshikwa na kutetemeka. Wakati wa wimbo mkali morani mwingine hutetemeka mwili mzima, hata kuanguka. Wenzake wa rika wanajua kumshika asijigonge. Asichekwe, asipigwe picha, na asitazamwe kama maonyesho. Wimbo ushushwe pole pole. Mtu anayeanguka mara kwa mara hata pasipo ngoma aonwe na daktari.

Maji. Kila mchezaji aje na chupa au kibuyu chake.

9. PESA NA RUHUSA

Tupige hesabu kidogo. Tuseme kikundi cha watu 20 kimeitwa mahali na kulipwa shilingi 10,000. Gari ni 3,000. Maji na chakula ni 1,500. Zimebaki 5,500. Sehemu moja kati ya tano iingie katika sanduku la kikundi, yaani 1,100. Zimebaki 4,400, kila mchezaji anapata 220. Mmefanya mazoezi siku kumi na mbili kwa ajili ya 220. Je, bei ilikuwa sawa? Kikundi kisichopiga hesabu kabla ya kukubali, hupigiwa hesabu na mtu mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kwenda, patanani mambo sita na kuyaandika: wachezaji wangapi, dakika ngapi, nani analipa gari, chakula kipo au hakipo, pesa italipwa lini na mikononi mwa nani, na je, watapiga picha na video? Pesa ipokewe na mweka hazina mbele ya watu wawili, isipokewe na mwimbishaji peke yake huko nyuma ya gari.

Swali la mwisho, la picha, tusilichukulie rahisi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Na mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, ambayo ni Sheria Namba 33 ya mwaka huo. Sheria hiyo inahesabu nyimbo na ngoma za jamii kuwa mali ya jamii. Mtu anayetaka kuzitumia kwa biashara anatakiwa kupata kibali cha jamii kwanza, kwa kuelewana. Mgeni anayepiga picha moja ya kumbukumbu ni jambo moja. Kampuni inayotaka kurekodi wimbo na kuuza ni jambo lingine. Hapo kikundi kiseme, "Ngoja kwanza, tuite wazee, tuandike." Hakuna aibu kusema hivyo.

Kikundi chenye cheti cha usajili kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii kina nguvu zaidi ya kuandikiana mapatano na kufungua akaunti benki. Tangu mwaka 2022 kuna sheria ya usajili wa vikundi vya jamii. Kama cheti chenu ni cha zamani, mwenyekiti na katibu wafike ofisini waulize hali yake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni nani anajua nyimbo nzima? Tajeni majina. Mara ya mwisho kuwauliza ilikuwa lini?
2. Watoto wetu wanajifunza ngoma wapi siku hizi? Wanapata nini, na wanakosa nini?
3. Kuna wimbo tunaoimba ambao jirani yetu akiusikia ataumia? Tutaufanyaje?
4. Mara ya mwisho tulipocheza, pesa ilikuwa ngapi, na ilikwenda wapi? Mweka hazina asome kitabu.
5. Katika ngoma yetu, nani huachwa nyuma? Na katika kazi za kikundi, je, ni watu wale wale?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Fanyeni zoezi la kishindo mara mbili. Andikeni katika daftari: siku ya kwanza mlisikia vishindo vingapi, siku ya pili vingapi. Pia vijana wawili wawe wameshakwenda kwa koko na wimbo mmoja uko katika daftari, pamoja na maana yake.

Msivunjike moyo kama kishindo bado si kimoja. Wale mnaowasifu leo nao walianza na vinne. Endeleeni pole pole, mkisikilizana. Tunawatakia mazoezi mema, na mvua njema.